Pazia la Jicho la Kulia

Daktari Ketino alikuchora, Tekle,
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
mstari mnene kutoka jicho la kulia,
na kutoka la kushoto mwembamba,
kama uzi uliovutwa ukakaribia kukatika.
"Jicho si bovu," akasema. "Halijasomeshwa.
Lile la kulia hujibu maswali yote,
hili limekaa nyuma ya darasa, limenyamaza."

Nami niliyekuona ukimimina chai pembeni ya kikombe
nikakuita mzembe,
niliikunja bahasha mara nne
nisijue pa kuiweka.

Husemwa macho hayana pazia.
Lako tumelitundikia:
saa mbili kila siku, plasta ya rangi ya ngozi
juu ya jicho linalojua.
Siku ya kwanza uliibandua, ukambandika paka.
Siku ya pili ulilia mpaka ikalowa, ikadondoka.
Siku ya tatu bibi yako Tsiala akaketi sakafuni,
magoti yakimlia kama bawaba,
akamwaga kopo la vifungo juu ya zulia,
akajibandika na yeye plasta yake.

"Nitafutie," akasema, "vyenye matundu manne."

Ulianza kwa vidole.
Kidole kilitangulia, jicho likafuata,
mdogo anayemfuata kaka yake dukani
bila kujua kinachonunuliwa.
Cha koti la mchimba mgodi, kizito, cheusi.
Cha gauni alilovaa mama yako
kabla hajaenda Poland kulea watoto wa wengine.
Hicho ulikiweka kando, ukakigeuza,
ukakileta karibu na uso hadi kikagusa kope:
"Kina mstari mweupe. Mwembamba."
Nilikishika kifungo hicho miaka mingi
wala sikujua kwamba kina mstari.

(Bibi ndiye aliyekosea zaidi.
Mawili aliyaita manne,
nawe ukamsahihisha kwa sauti ya mwalimu.
Sijui kama alikosea kweli.)

Herufi zilikuja kwa shida.
Zetu hapa zote zimepinda,
bani na gani zilikuwa kwako ndoano mbili
zilizonasana ndani ya maji machafu.
Msimu mzima wa theluji ulizivuta moja moja.

Lakini nataka kusema habari ya gari la kamba.

Mimi ndiye ninayeliendesha, hapa Chiatura,
kibanda cha chuma kinachoning'inia juu ya korongo,
mto chini, mweusi kwa vumbi la mgodi.
Kati ya jukwaa na mlango kuna ufa,
upana wa kiganja.
Tangu uanze kutembea uliuvuka bila kutazama,
kama mtu anayevuka mchirizi wa chaki,
na moyo wangu ukawa unashuka pale pale.
Watu wakisema: huyu binti hana woga!
Nikitabasamu. Nilidhani ni ushujaa.

Mwezi wa Aprili, plasta ikiwa mfukoni mwangu,
macho yako yote mawili wazi,
ulifika ukingoni ukasimama.
Foleni ikasimama nyuma yako.
Mzee Vazha na kreti lake la mayai, akakohoa.
Ukainama.
Ukatazama kitu ambacho sikuwa nimekuonyesha,
ambacho hakuna bibi aliyekimwaga zuliani.
Ukanishika suruali:
"Baba, huko chini ni mbali."

Mbali.
Tangu lini ulikuwa na neno hilo?
Ulikuwa nalo mdomoni, kama sote,
ila siku ile lilipata tako na kina,
likawa na mto ndani yake.
Ulitetemeka, nami, Mungu anisamehe,
nilikaribia kucheka kwa furaha
kwa sababu mwanangu anaogopa.

Nilikubeba nikakuvusha. Vazha akavuka na mayai.

Jioni jicho lako bado huchoka,
hulalia pua kama mlevi kwenye ukuta wa jirani.
Daktari anasema miezi sita zaidi, labda mwaka.
Chai unamimina mwenyewe.
Ya jana iliingia kikombeni,
isipokuwa tone moja,
ukaliona kabla yangu,
ukalipangusa.